Dondoo muhimu: Kujumlisha na kutoa kwa maharage

Kwa walimu wa darasa la kwanza na wazazi wa Sumbawanga na vijiji vya Ufipa.

Vifaa viko nyumbani. Mpe kila mtoto maharage 10 au punje za mahindi. Ulezi haufai, ni mdogo mno kwa vidole vyake. Angalia tu asitie punje puani.

Aanze kwa kushika: "Una maharage 3, dada amekuongezea 2. Sasa unayo mangapi?" Ayasogeze mwenyewe, ahesabu kwa sauti. Akizoea, achore viduara. Alama za + na − zije baadaye. Anayezungumza Kifipa nyumbani aeleze kwanza kwa Kifipa, kisha kwa Kiswahili.

Kwenye 2 + 6, aanzie namba kubwa, 6, kisha aongeze 2: "saba, nane".

Kutoa ndiko kunakotaka subira. Kwenye 8 − 3 wengi huhesabu "nane, saba, sita" na kujibu 6, kwa kuwa wamehesabu na namba waliyoanzia. Usimkaripie. Chora mstari wa namba ardhini, 0 hadi 10. Asimame kwenye 8, arudi hatua 3: saba, sita, tano. Pale aliposimama mwanzo hapahesabiwi. Rudieni kwa 7 − 2, kisha 9 − 4, mpaka aone mwenyewe.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote: funika kwa kikombe baadhi ya maharage 10, yabaki 6 nje. Yaliyofichwa ni mangapi? Hapo kujumlisha na kutoa hukutana. Siku nyingine yafunike yote, ili naye akutane na 0.