Kosa la Mchoro na Hesabu ya Watu: Mfano wa Kibera na Kawangware

Utangulizi

Mwaka 1970, E. F. Codd alipendekeza data ipangwe katika majedwali yanayohusiana. Mwaka 1976, Peter Chen akaeleza namna ya kuyachora mahusiano hayo kabla ya majedwali kuundwa. Makala haya yanaonyesha jinsi kosa la mchoro linavyopotosha hesabu ya watu. Hesabu hiyo ni suala zito jijini Nairobi: kwa miaka mingi Kibera ilidaiwa kuwa na wakazi wapatao milioni moja, ilhali sensa ya 2009 ilihesabu takriban 170,000. Tofauti hiyo haikutokana na mchoro, lakini inalazimu kuuliza: nani amehesabiwa, na mara ngapi?

Uchambuzi

Tuchukulie zahanati mbili za kubuni, moja Lindi katika Kibera, nyingine Kawangware, zinazotumia hifadhidata moja. Jedwali la MGONJWA lina nambari, jina na makazi. La MAHUDHURIO lina nambari ya mgonjwa, zahanati na tarehe.

Ulizo hutumia operesheni tatu za msingi. Kuteua hubakiza safu za wagonjwa wa Lindi pekee. Kuunganisha huoanisha kila mgonjwa na mahudhurio yake kwa nambari. Kuchopoa hubakiza nguzo zinazohitajika tu.

Wakazi watatu wa Lindi walitibiwa. Wawili walifika mara moja moja. Wa tatu, afanyaye kazi Kawangware, alifika mara mbili katika kila zahanati. Baada ya kuunganisha, safu ni 6. Anayehesabu safu hupata wagonjwa 6. Anayehesabu nambari zisizorudiwa hupata 3, jibu sahihi.

Sasa, mchoro ukidai kwamba mgonjwa ni wa zahanati moja tu, yule wa tatu atasajiliwa mara mbili kwa nambari mbili. Hata ulizo sahihi litatoa 4. Kosa la ulizo hurekebishwa kwa kuliandika upya. Kosa la mchoro huwa limekwisha kuingia katika data.

Hitimisho

Kila mstari wa mchoro usomwe pande zote mbili: mgonjwa mmoja aweza kufika zahanati ngapi? Zahanati moja yaweza kupokea wagonjwa wangapi? Majibu yote yakiwa “zaidi ya moja”, jedwali la kati, mfano MAHUDHURIO, ni lazima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.