Vyoo vya Kulipia na Afya ya Jamii

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba viini vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hutoka mwilini mwa mgonjwa pamoja na kinyesi. Mvua huvisomba viini hivyo hadi kisimani na mtoni. Nzi huvibeba kwa miguu yao hadi kwenye chakula. Nyumbani twaweza kuvizuia kwa kuchimba choo na kukitumia. Lakini msafiri aliyeko stendi ya mabasi, au mama auzaye mboga sokoni tangu alfajiri, atakwenda wapi? Ikiwa hapana choo cha watu wote, atajificha nyuma ya ukuta, na nzi hawatakawia kufika.

Kujenga choo cha watu wote ni jambo la miezi michache. Kukitunza ni kazi ya kila siku, nayo ndiyo ngumu. Choo kinachotumiwa na mamia ya watu huchafuka kabla ya adhuhuri kama hapana wa kukisafisha. Mtu huingia, huona uchafu, hugeuka na kurudi nyuma ya ukuta ule ule.

Mfano wa Patna

Patna ni mji mkuu wa jimbo la Bihar nchini India, kando ya mto Ganga. Zamani nyumba nyingi za huko zilikuwa na vyoo vya ndoo. Kinyesi kilizolewa kwa mikono na watu waliodharauliwa kwa sababu ya ukoo wao, wakakibeba kichwani. Mwaka 1970 Bindeshwar Pathak alianzisha chama kiitwacho Sulabh ili kuikomesha kazi hiyo. Mwaka 1974 chama hicho kilifungua mjini Patna choo cha watu wote ambacho kila mtumiaji alilipa fedha kidogo. Walikuwapo waliocheka: nani atalipa ili aende haja, na hali uwanja ni bure? Hata hivyo watu walikuja na kulipa, kwa kuwa walikuta maji, usafi na mlango unaofungika. Pathak alifariki mwaka 2023. Kufikia wakati huo vyoo vya namna hiyo vilikuwa maelfu nchini India.

Kwa matumizi ya nyumbani, chama hicho kilieneza choo cha mashimo mawili. Sinki lake lina mteremko mkali, hivyo lita 2 za maji hutosha kusukuma kinyesi. Chini ya sinki bomba limepinda, na maji kidogo hubaki katika pindo hilo. Maji hayo ni kizuizi: harufu haipandi, wala nzi hawashuki. Kinyesi huingia katika shimo la kwanza. Likijaa, hufungwa, na shimo la pili huanza kutumika. Katika shimo lililofungwa, maji hunywea ardhini na bakteria huozesha kilichobaki. Baada ya miaka 2 hivi huwa mbolea kavu isiyonuka. Mashimo hayo yasichimbwe karibu na kisima. Je, waweza kueleza kwa nini?

Fedha huenda wapi?

Tuchukue mfano wa choo cha stendi. Watu 400 hukitumia kwa siku, kila mmoja akilipa shilingi 200. Mapato ni shilingi 80,000. Wasafishaji wawili hulipwa jumla ya shilingi 30,000. Maji ni shilingi 12,000, sabuni na dawa shilingi 8,000, na shilingi 20,000 huwekwa akiba ya kulipia gari la kunyonya uchafu shimo lijaapo. Zinabaki shilingi 10,000 za kutengeneza kitasa au bomba lililovunjika. Fedha hizo zikitumiwa kwa jambo jingine, choo kitaziba, na watu wataacha kulipa. Nao watakuwa na haki.

Wengine husema kwamba choo cha watu wote chafaa kiwe bure. Hoja hiyo ina uzito, maana kiini cha kipindupindu hakiulizi nani ana fedha. Mtu mmoja anayeshindwa kulipa akaenda kichakani aweza kuchafua maji ya mtaa mzima, pamoja na ya wale waliolipa. Kwa hiyo ada iwe ndogo, na watoto wadogo na wasio na uwezo waruhusiwe kuingia bila kulipa.

Maswali na kazi

1. Eleza njia mbili ambazo viini hutoka katika kinyesi hadi kinywani mwa mtu.

2. Chora sinki na bomba lililopinda. Onyesha mahali maji yanapobaki.

3. Ada ya choo cha stendi ikipandishwa hadi shilingi 300, watu 250 tu hukitumia. Mapato ya siku ni kiasi gani? Wale 150 waliosalia wamekwenda wapi, nawe ungemshauri nini msimamizi?

4. Pamoja na mwalimu wako, tembeleeni choo cha soko au cha stendi. Angalieni kama kuna maji, sabuni na taa. Mwulizeni mtunza choo husafisha mara ngapi kwa siku, kisha andikeni majibu yake.