SOMO LETU: AJALI YA NJIA PANDA – KOSA NI LA NANI, NA MFANYAKAZI AFANYE NINI?



Kila alfajiri na kila jioni maelfu ya wafanyakazi wa Uganda wako barabarani. Wengine wamepakiwa katika lori la kampuni, wengine wako kwenye trekta, wengine kwa baiskeli, kwa bodaboda au kwa miguu. Barabara kuu itokayo Kampala, ikapita Lugazi na Jinja kuelekea mpaka wa Kenya, inakutana na njia nyingi za mashamba na milango mingi ya viwanda. Penye njia panda kama hizo ndipo magari hugongana. Na hapo hapo, kabla majeruhi hawajainuliwa, mtu husimama akasema kwa sauti kubwa: "Kosa ni lako!"

Mfanyakazi asiyejua sheria huamini. Akiamini, hutia sahihi karatasi anayopewa. Akishatia sahihi, kazi ya kumtetea huwa ngumu mara mbili.

Somo hili lina mambo mawili ya kushika. La kwanza: kosa la ajali haliamuliwi na mwenye sauti kubwa, wala mwenye gari kubwa, wala nyapara. La pili: mfanyakazi aliyeumia kazini hana haja ya kungoja kosa liamuliwe ndipo adai fidia yake.

1. MFANO WETU

Huu ni mfano wa kufundishia tu. Si habari ya kampuni yoyote.

Ni saa kumi na mbili na nusu jioni, giza linaanza. Trekta ya shamba inavuta tela la miwa, ikitoka njia ya murram kuingia barabara ya lami. Mkataji miwa mmoja amepanda juu ya tela kwa sababu nyapara amemwagiza asaidie kupakua kiwandani. Kwenye njia panda pana kibao cha kusimama. Dereva wa trekta anasimama, anaona taa za lori kwa mbali, anadhani atawahi, anaingia. Tela halina taa za nyuma wala za ubavuni. Lori linakuja kwa mwendo mkali na kuligonga tela ubavuni. Tela linapinduka na kumwangukia mfanyakazi wa kiwandani aliyekuwa akirudi nyumbani kwa baiskeli.

Mkataji miwa amevunjika mguu. Dereva wa trekta ameumia kifua. Mwenye baiskeli amevunjika mkono. Dereva wa lori anasema: "Mimi nilikuwa barabara kuu, sina kosa." Asubuhi yake nyapara anamwambia dereva wa trekta: "Chombo kitatengenezwa kwa mshahara wako."

Je, hao wawili wamesema kweli?

2. KOSA NI NINI MBELE YA SHERIA?

Katika madai ya ajali, kosa huitwa uzembe. Maana yake ni kukosa uangalifu ambao mtu mwenye busara angekuwa nao mahali pale na saa ile. Anayedai hana budi kuonyesha mambo matatu: kwamba mwenzake alikuwa na wajibu wa kuangalia usalama wake, kwamba hakuutimiza, na kwamba dhara lilitokana na hilo.

Watu wengi hudhani kosa daima ni la aliyetoka njia ndogo, au la aliyegonga kwa nyuma, au la mwenye gari kubwa. Hizo ni dalili tu, si hukumu. Ni kweli kwamba anayetoka njia ndogo yampasa kuwapisha walio barabara kuu, na kwamba anayeingia raundabauti yampasa kuwapisha wanaotoka upande wake wa kulia. Lakini aliye barabara kuu hakupewa ruhusa ya kufumba macho. Naye yampasa kupunguza mwendo akaribiapo njia panda, hasa gizani, na kutazama mbele.

Kwa hiyo mahakama huuliza mengi. Lori lilikuwa na mwendo gani? Breki zake zilikuwa nzima? Alama za matairi zinaanzia wapi? Kibao kilionekana, au kilifunikwa na majani? Tela lilikuwa na taa? Nani aliyelitoa tela bila taa?

Baada ya maswali hayo, mara nyingi huonekana kwamba kosa si la mtu mmoja. Zamani sheria ya Kiingereza, ambayo ndiyo iliyoletwa Uganda wakati wa ukoloni, ilikuwa kali: mtu akionekana kuchangia ajali hata kidogo, alinyimwa yote. Uingereza ilibadili jambo hilo mwaka 1945, na sheria ya Uganda nayo huruhusu kosa kugawanywa. Tuseme dhara la dereva wa trekta limekadiriwa kuwa shilingi 20,000,000, na mahakama imeona kwamba yeye amechangia sehemu 30 katika 100. Atakatwa shilingi 6,000,000 na kupata 14,000,000. Hakunyimwa yote.

Tusisahau wenye magari. Dereva akiwa katika kazi aliyotumwa, mwajiri wake hujibu kwa uzembe wake. Zaidi ya hayo, mwajiri ana kosa lake mwenyewe akitoa chombo kibovu au kisicho na taa. Tajiri anayesema "dereva ndiye mkosaji" hajajiondoa katika deni. Huenda anaficha kosa lake mwenyewe.

3. KESI YA POLISI SI KESI YA FIDIA

Ajali moja yaweza kuzaa kesi mbili. Ya kwanza ni ya jinai: serikali inamshitaki dereva kwa kuendesha vibaya, chini ya Sheria ya Usafiri na Usalama Barabarani ya mwaka 1998. Faini ikilipwa, fedha huenda serikalini, si kwa aliyeumia. Ya pili ni ya madai: aliyeumia anadai fidia kwa mkosaji.

Katika jinai, kosa lazima lithibitishwe pasipo shaka. Katika madai, yatosha kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Basi dereva wa lori akiachiliwa katika kesi ya polisi, majeruhi asikate tamaa. Mlango wa madai haujafungwa.

4. MLANGO WA PILI: FIDIA ISIYOULIZA KOSA

Mwaka 1835 huko Uingereza, mtumishi wa muuza nyama, jina lake Charles Priestley, alipanda gari la tajiri wake lililojazwa nyama kupita kiasi. Gari likavunjika, naye akavunjika paja. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa pauni 100, lakini mwaka 1837 mahakama ya juu ilizifuta. Ilisema mtumishi anaijua hatari ya kazi yake na angeweza kukataa kupanda. Kwa njia hiyo majaji waliwakinga matajiri kwa miaka mingi. Ilibidi wafanyakazi na vyama vyao wapiganie sheria nyingine, na mwaka 1897 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuwalipa walioumia kazini bila kuuliza kosa la nani.

Hapa Uganda tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Kila mwanachama ayajue mambo haya:

(a) Mfanyakazi aliyeumia kwa ajali iliyotokana na kazi, akiwa kazini, hulipwa na mwajiri wake hata kama yeye mwenyewe alikuwa mzembe.

(b) Ajali iliyompata akisafiri moja kwa moja kwenda kazini au kutoka kazini huhesabiwa kuwa ajali ya kazini. Lakini ni juu yake kuonyesha kwamba safari ilikuwa ya moja kwa moja. Aliyepita kilabuni kwanza amejitia mashakani.

(c) Akiumia kiasi cha kutoweza kazi yoyote maisha yake yote, fidia ni mapato yake ya miezi 60. Akipoteza sehemu ya uwezo wake, hulipwa sehemu ya hesabu hiyo kama daktari atakavyopima. Mwenye mshahara wa shilingi 250,000 kwa mwezi, miezi 60 ni shilingi 15,000,000. Akipimwa sehemu 20 katika 100, atapata shilingi 3,000,000.

(d) Akifa na kuacha wanaomtegemea, fidia ni mapato ya miezi 60.

(e) Taarifa ya ajali itolewe kwa mwajiri mapema iwezekanavyo, na isipite mwezi mmoja.

(f) Mkosaji akiwa mtu wa nje, kama dereva wa lori, mfanyakazi aweza kumdai huyo mtu na pia kudai fidia kwa mwajiri. Lakini halipwi mara mbili kwa dhara lile lile.

5. HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza: Okoa watu. Simamisha gari, onya magari yanayokuja, wapeleke majeruhi hospitali. Dereva asiyesimama baada ya ajali amejiongezea kosa.

Hatua ya pili: Ita polisi. Magari yasiondolewe mahali yalipo kabla ya kupimwa, isipokuwa kuokoa maisha. Mchoro wa polisi unaoonyesha kila gari lilisimama wapi ni ushahidi mkubwa kuliko maneno ya watu kumi.

Hatua ya tatu: Andika. Namba za magari, majina ya madereva na wenye magari, saa, hali ya hewa, taa, kibao. Tangu mwaka 1989 sheria inalazimisha kila gari kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine. Andika namba ya bima iliyobandikwa kwenye kioo. Mwenye simu apige picha.

Hatua ya nne: Pata mashahidi. Muuza ndizi aliye kando ya njia panda ameona kuliko wote, na kesho aweza kuwa hayupo. Chukua jina lake na mahali anapoishi.

Hatua ya tano: Sema kweli, wala usikubali kosa. Mwambie polisi uliyoyaona na uliyoyafanya. Usiseme "nimekosa, nisamehe" kwa kuwa umetishwa au unawahurumia walioumia. Kutoa pole ni utu. Kuamua kosa ni kazi ya mahakama.

Hatua ya sita: Nenda kwa daktari siku ile ile, hata kama maumivu ni madogo. Pata fomu ya polisi ya uchunguzi wa majeraha, ijazwe na daktari, na utunze nakala pamoja na risiti zote za dawa na nauli.

Hatua ya saba: Toa taarifa kwa mwajiri kwa maandishi, na nakala kwa katibu wa tawi. Kama huwezi kuandika, mwakilishi wako atakuandikia. Mwajiri akikaa kimya, jambo lipelekwe kwa Afisa wa Kazi wa wilaya.

Hatua ya nane: Hesabu siku. Madai ya kuumizwa kwa uzembe hufunguliwa mahakamani kabla ya miaka 3 kupita. Gari likiwa la serikali, ni miaka 2 tu. Ahadi za "ngoja, tutakulipa" hazisimamishi kalenda.

6. MAMBO YA KUKATAA

Usitie sahihi karatasi usiyoisoma au usiyosomewa na mtu unayemwamini. Karatasi inayosema "nimelipwa yote, sina dai tena" huletwa hospitalini pamoja na shilingi chache na matunda. Kula matunda, lakini karatasi mpelekee katibu.

Usikubali kukatwa mshahara kwa kuambiwa tu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeyataja makato yanayoruhusiwa. Tajiri hawezi kujitungia mengine. Na kabla ya kumfukuza mfanyakazi kwa kosa, mwajiri ni lazima amweleze kosa hilo na kumsikiliza, naye ana haki ya kuwa na mwenzake wa kumchagua mwenyewe katika kikao hicho.

7. TURUDI KWENYE MFANO

Mkataji miwa alitumwa na nyapara. Anadai fidia kwa mwajiri, na aweza kumdai mwenye lori pia. Wakimwambia "ulipanda mahali si pa abiria", ajibu kwamba alipanda kwa amri, na shahidi wa amri hiyo atafutwe mapema. Mwenye baiskeli alikuwa akienda nyumbani moja kwa moja. Mwajiri wake wa kiwandani anahusika, ingawa trekta si yake. Dereva wa trekta alikosea kwa kuingia mapema, lakini fidia yake ya kazini iko pale pale, na katika madai dhidi ya lori atapunguziwa tu. Nyapara naye aulizwe swali moja: nani alitoa tela bila taa?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika kampuni yenu, ni matela na malori mangapi yasiyo na taa za nyuma? Nani ameandikiwa barua kuhusu jambo hilo?
2. Kwa nini dereva wa lori hawezi kusema "nilikuwa barabara kuu" na kuishia hapo?
3. Mfanyakazi amegongwa saa moja baada ya kutoka kazini, akiwa sokoni njiani. Ataonyeshaje kwamba safari yake ilikuwa ya moja kwa moja? Au hawezi?
4. Mwenzetu analazwa leo. Nani katika tawi ataandika taarifa yake kabla ya mwezi kwisha?

Swali la nne lisiachwe bila jina. Kikundi kimchague mtu huyo kabla ya kuondoka kikaoni, na jina lake libandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Umoja ni nguvu.