Kupima Kazi Kabla Haijafunikwa: Somo la Kukarabati Usukani wa Gari la Kale

Utangulizi

Katika masomo ya ufundi, walimu wengi wamezoea kuipima kazi ya mwanafunzi siku ya mwisho, wakati rangi imekauka na kifaa kimewekwa mezani kikimeremeta. Desturi hii ni rahisi, lakini ina hatari kubwa. Rangi hufunika kazi njema na kazi mbovu kwa usawa. Mwanafunzi mwerevu hung'amua upesi kwamba alama hutolewa kwa mng'ao, naye huelekeza juhudi zake zote huko. Akiwa fundi, hubaki na tabia hiyo hiyo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi mwalimu awezavyo kuihamisha tathmini kutoka mwisho wa kazi na kuipeleka katikati, pale ambapo kosa bado laonekana kwa macho na laweza kusahihishwa. Mfano uliochaguliwa ni ukarabati wa usukani wa gari la kale. Somo hili lawafaa wanafunzi wa vyuo vya ufundi na wa shule za sekondari zenye karakana.

Sababu za kuchagua usukani

Kwanza, usukani ni kitu ambacho kila mwanafunzi anakijua. Jina lake lilitoka baharini: usukani wa chombo ndio unaokielekeza majini. Magari ya mwanzo ya Ulaya mengi hayakuwa na duara la kushika, bali yaliongozwa kwa mpini mmoja, mfano wa kana ya mashua. Mwaka 1894 Mfaransa Alfred Vacheron alishiriki mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen kwa gari la Panhard lililofungwa usukani wa duara, na katika miaka iliyofuata mtindo huo ukaenea.

Pili, usukani wa magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960 umeundwa kwa tabaka mbili: kiunzi cha chuma ndani, na plastiki ngumu nje. Wanafunzi waweza kuufananisha na mfupa na nyama. Nyama ikipasuka hutibika kwa urahisi. Mfupa ukivunjika ni habari nyingine kabisa. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha somo zima.

Tatu, kifaa hiki ni kidogo na huenea juu ya meza. Mfano mzuri ni usukani wa mikono miwili wa Volkswagen ya umbo la kobe ya miaka ya 1960, ambao kipenyo chake ni kama sentimeta 40. Gari hilo lilitengenezwa kwa idadi iliyozidi milioni 21, hata utengenezaji wake ukakoma nchini Meksiko mwaka 2003. Afrika Mashariki lilijulikana sana, na mwaka 1962 lilishinda mashindano ya East African Safari. Mwalimu asiyelipata atumie usukani wa gari jingine la kale, mradi uwe wa muundo huo huo.

Onyo moja litangulie. Somo hili halihusu kabisa usukani wenye mfuko wa hewa. Mfuko huo hufumuka kwa baruti na waweza kumjeruhi mtu vibaya. Usukani wa namna hiyo usiingizwe darasani.

Shabaha za somo

Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze: (a) kueleza kwa nini plastiki ya usukani hupasuka, (b) kupambanua kasoro ya gamba na kasoro ya kiunzi, (c) kuamua, kwa sababu zinazoonekana, kama usukani wakarabatika au wakataliwa, (d) kuziba nyufa kwa njia itakayodumu.

Mwalimu atazame vizuri shabaha ya tatu. Hiyo ndiyo iliyo ngumu kufundisha, na ndiyo inayosahaulika.

Maarifa yanayotangulia kazi

Kabla ya kugusa tupa, wanafunzi waulizwe: kwa nini nyufa hizi zimepita kwa upana wa duara, na kwa nini nyingi ziko karibu na mahali mikono inapoungana na duara? Waachwe wakisie. Kisha mwalimu awaongoze kwenye hesabu.

Duara lenye kipenyo cha sentimeta 40 lina mzingo wa milimeta 1,257 hivi. Chuma hurefuka kwa sehemu 12 katika milioni kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Tuchukue plastiki ambayo hurefuka kwa sehemu 70 katika milioni. Gari likisimama juani na joto likipanda kwa digrii 40, chuma kitataka kurefuka kwa milimeta 0.6, na plastiki kwa milimeta 3.5. Usiku ukiingia, vyote hurudi. Vitu viwili vilivyofungwa pamoja, vyenye hamu tofauti namna hii, vitavutana kila siku kwa miaka mingi.

Juu ya hayo, plastiki ya kale hupoteza polepole viungo vilivyoifanya iwe nyororo, ikasinyaa na kuwa kavu. Chuma kilicho ndani hakisinyai. Basi gamba hujikuta fupi kuliko kiunzi linachokizunguka, nalo halina budi kupasuka, hasa pale umbo linapobadilika ghafla. Mwanafunzi aliyeielewa sababu hii hatashangaa atakapoambiwa kwamba ufa uliopakwa rangi tu utarudi.

Mpango wa kazi

Somo lagawika katika vipindi sita vya dakika 80. Darasa ligawanywe katika vikundi vya wanafunzi watano, kila kikundi na usukani wake. Vifaa vinavyohitajiwa ni jiliwa, tupa ya pembetatu, tupa ya nusu duara, msumeno wa chuma, brashi ya waya, msasa wa namba 80, 120, 240, 400 na 600, gundi ya epoksi ya sehemu mbili, rangi ya msingi, rangi ya juu, mafuta ya taa, chaki, sabuni, glavu, miwani na barakoa.

Hatua ya kwanza: kuutoa usukani. Kazi hii ifanywe na mwalimu au fundi, wanafunzi wakitazama. Waya wa betri ufunguliwe kwanza, kwa kuwa umeme wa honi hupita katikati ya usukani. Katika Volkswagen hiyo betri iko chini ya kiti cha nyuma. Magurudumu yanyoshwe, kitufe cha honi kitolewe, na alama ichorwe kwenye kitovu na kwenye mhimili ili usukani urudi mahali pake. Nati ikifunguliwa, usukani huvutwa kwa kutikiswa. Ukikataa, kitumike kifaa cha kuvutia ambacho mafundi hukiita pula. Usipigwe nyundo: pigo huharibu beringi, na katika magari yenye mhimili uliotengenezwa ujikunje wakati wa ajali, pigo laweza kuuharibu mhimili huo.

Hatua ya pili: kuchunguza. Usukani uoshwe kwa sabuni na maji, ukauke, na kila kikundi kichore picha yake kubwa karatasini kikionyesha kila ufa kwa namba. Kisha uwekwe juu ya kioo au meza iliyo sawa kabisa: ukiyumba, duara limepinda. Meno ya ndani ya kitovu yatazamwe kama yamelika.

Hatua ya tatu: kufungua nyufa. Hapa wanafunzi wengi hustaajabu, maana wanaambiwa waupanue ufa badala ya kuuziba. Kwa tupa ya pembetatu, kila ufa ukatwe uwe na umbo la herufi V, mpaka plastiki nzima ionekane pande zote mbili, na pale ufa uliposhuka hadi chini, mpaka chuma kionekane. Kutu yote isuguliwe kwa brashi ya waya. Moto usitumike kwa lolote, kwani baadhi ya plastiki za kale huwaka upesi.

Chuma kikiwa wazi, lifanyike jaribio la chaki. Chuma kipakwe mafuta ya taa, kiachwe kwa muda, kifutwe kikauke, kisha kipakwe unga wa chaki. Kama chuma kina ufa usioonekana kwa macho, mafuta yaliyojificha humo yatapenya nje na kuchora mstari katika ule weupe. Baada ya jaribio chuma kisafishwe kwa makini, maana gundi haishiki penye mafuta.

Hapa kazi yote isimame. Kila kikundi kiandike uamuzi wake na sababu zake: wakarabatika au wakataliwa. Kiunzi kilichopinda, chuma chenye ufa, kutu iliyokila chuma kikawa chembamba, au meno yaliyolika, lolote kati ya haya latosha kuukataa usukani. Kulehemu kiunzi kusiruhusiwe darasani.

Hatua ya nne: kujaza. Sehemu mbili za epoksi zichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, kidogo kidogo, kwa kuwa mchanganyiko mwingi hupata joto na kuganda kabla haujatumika. Glavu zivaliwe, kwani epoksi mbichi hudhuru ngozi. Ujazo ukandamizwe hadi chini usiache hewa, upite juu ya uso kidogo, uachwe kwa saa 24.

Hatua ya tano: kusawazisha na kupaka. Tupa huanza, msasa hufuata kutoka namba ndogo hadi kubwa, ukiloweshwa maji ili vumbi lisiruke. Kidole ndicho kipimo bora: mwanafunzi afumbe macho na kupitisha kidole juu ya kiungo. Rangi ya msingi itaonyesha vishimo vilivyosalia. Vijazwe, visuguliwe, ndipo rangi ya juu ipakwe mara kadhaa kwa tabaka nyembamba, mahali penye hewa ya kutosha.

Usukani ukirudishwa garini, nati ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo, na fundi mwenye sifa aukague kabla gari halijaingia barabarani.

Tathmini

Mgawanyo wa alama unaopendekezwa ni huu: uchunguzi na uamuzi, alama 30; kufungua nyufa na kusafisha chuma, 30; kujaza, 20; usalama na utunzaji wa vifaa, 10; mng'ao wa mwisho, 10. Mwalimu apite na kutoa alama mwishoni mwa kila hatua, na kikundi kisiruhusiwe kujaza ufa ambao mwalimu hajauona ukiwa wazi.

Kikundi kilichoukataa usukani kwa sababu za kweli kipate alama zake kamili za uamuzi, kisha kipewe usukani mwingine cha kuendelea nao. Bila kanuni hii, somo hujipinga lenyewe: mwanafunzi ataona kwamba mkweli hukosa kazi ya kuonyesha, na mwenye kunyamaza hupata kitu kizuri cha kupeleka mezani.

Usukani uliokataliwa ukatwe duara lake kwa msumeno mbele ya darasa, kisha uhifadhiwe kama kifaa cha kufundishia. Usipambwe, wala usiuzwe. Atakayeununua hataona ufa, ataona rangi. Naye atauamini siku ya kukwepa mtoto barabarani, akiuvuta kwa nguvu zake zote.

Matatizo yanayoweza kutokea

Darasa likiwa kubwa na sukani zikiwa haba, kikundi kimoja kifungue nyufa na kingine kichunguze, kisha wabadilishane; hata hivyo kila mwanafunzi aandike uamuzi wake mwenyewe. Epoksi ikikosekana, puti ya kunyoshea bodi za magari isitumike badala yake katika nyufa ndefu, kwa kuwa ni kavu na hupasuka tena. Afadhali kazi ingoje.

Hitimisho

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu wa ufundi hana budi kuongeza sharti moja: ufa haujazibwa kama haukuchunguzwa kwanza. Kuufunika ni jambo la saa moja. Kuujua chanzo chake ni kazi ya somo zima. Tukizitoa alama zetu pale ambapo chuma kiko wazi, tutapata mafundi wanaotazama ndani kabla ya kupaka nje.

Maswali ya kujadiliwa na wanachuo

1. Taja kazi nyingine mbili za karakana ambazo umaliziaji wake hufunika kasoro. Mwalimu asimame wapi kuzipima?

2. Mwanafunzi ameukataa usukani mzima kwa hofu tu. Utamsaidiaje bila kumvunja moyo wa tahadhari?

3. Mwenye gari anasisitiza apewe usukani uliokataliwa. Andaa maelezo ambayo mwanafunzi angempa kwa adabu na kwa ushahidi.