Somo la Kikundi: Wageni Wasipokuja

Ndugu wanakikundi, leo tuangalie Mji wa Kale, Mombasa. Zamani kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, hamali wakapata riziki. Meli kubwa zikahamia Kilindini, kazi ikapungua. Fort Jesus, iliyokuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Watalii wakaja, vinyago vikapata soko. Vizuri! Lakini Agosti 1997 kulizuka fujo Likoni, ng'ambo ya feri, na wageni wakakimbia pwani nzima. Muuza vinyago humngoja mgeni. Mama wa mahamri humuuzia hata jirani. Sisi twaona hapo pana jambo.

Jadilianeni: mnunuzi wa mradi wenu ni nani? Asipoonekana miezi mitatu, mtauza nini, kwa nani?