SOMO LA VIUMBE: KASUKU WA MUKIA MWEKUNDU

Juma lililopita, katika kalasi ya tatu, mwanafunzi mumoja aliuliza: «Mwalimu, ni kweli kasuku iko nasikia maana ya maneno ile iko nasema?» Wenzake wakacheka. Kengele ikalia mbele sijajibu. Basi ninajibu hapa, ili kalasi zingine nazo zipate.

Ndege huyu, ambaye wenye kusema Lingala wanamwita koso, jina lake katika buku za sayansi ni Psittacus erithacus. Linnaeus ndiye aliyemupa jina hilo katika mwaka 1758. Anaishi tangu Côte d'Ivoire mpaka Uganda na upande wa magharibi wa Kenya, lakini pori la inchi yetu ndilo katikati ya makao yake. Urefu wake ni karibu santimetre 33, uzito karibu gramu 400. Mwili ni wa rangi ya majivu, mudomo mweusi, mukia mwekundu. Mutoto ana macho meusi-meusi. Akikomaa yanageuka manjano. Kwa kila muguu vidole viwili viko mbele na viwili nyuma, ndiyo maana anaweza kushika ngazi na kuipeleka kinywani sawasawa mutu mwenye kijiko.

Juu ya ngazi: wengine wanasema mukia ni mwekundu kwa sababu ya kula mawese mingi. Hapana. Kiini cha yai la kuku kinapata rangi kutoka chakula, lakini wekundu wa kasuku mwili wake wenyewe ndio unautengeneza.

Sasa swali. Kasuku hana midomo laini kama yetu. Sauti yake inatoka chini, ndani ya kifua, pale bomba la pumuzi linapogawanyika, na ulimi unasaidia kuigeuza. Tena kipaji hicho hakukipata kwa ajili ya kutufurahisha sisi. Katika pori anaishi kwa makundi, na wanaitana na kujibizana muchana wote. Katika mwaka 1993 wataalamu walitoa habari ya sauti za kasuku wa porini zilizochukuliwa hapa kwetu, wakati inchi ilikuwa inaitwa Zaire: kati yake walisikia sauti za ndege wa namna tisa nyingine, na hata ya popo. Kasuku ndani ya kitundu anafanya ileile kazi. Amekosa kundi, basi anajifunza lugha ya watu wa nyumba, kwa maana ndio kundi lililobaki.

Je, anasikia maana? Mara nyingi anarudilia tu. Lakini huko Marekani Bibi Irene Pepperberg alifundisha kasuku mumoja, jina lake Alex, tangu 1977 mpaka ndege huyo alipokufa katika 2007. Alionyeshwa vitu viwili, akaulizwa vinafanana kwa nini, akajibu: rangi, ao umbo. Aliweza kuhesabu mpaka sita. Yule mwanafunzi wa kalasi ya tatu hakuuliza upuuzi.

Nilipokuwa kijana, wajomba zangu walikata muti mukubwa ili wapate watoto wawili wa kasuku waliokuwa ndani ya shimo lake. Mumoja alikufa wakati muti ulipoanguka. Wa pili alikua kwetu, akajua kupiga mulunzi kama baba alipoita imbwa, na imbwa alikuwa anakuja kweli! Tulicheka sana. Hakuna aliyefikiri juu ya ule muti. Kasuku hawezi kuchimba shimo katika muti muzima. Anatafuta lililokwisha kuwako, na shimo la kumufaa liko katika miti mizee. Mwaka uliofuata wazazi hawakuwa na mahali pa kurudi.

Kuku anaweza kutaga kila mara. Kasuku anangoja miaka mitatu mpaka mitano mbele ya kuanza kuzaa. Muke anataga mayai mawili mpaka mane, anayalalia karibu mwezi muzima, mume anamuletea chakula. Watoto wanabaki ndani ya shimo kama majuma 12. Ndiyo sababu kukamata wakubwa ni hasara nzito. Wenye kutega wanafunga kasuku mumoja juu ya muti, wanapaka ulimbo kwenye matawi. Yeye analia, wenzake wanamujibu, wanakuja, wananasa. Wengi wanakufa hata mbele ya kupandishwa avio. Kwa miaka mingi inchi yetu ilikuwa na ruhusa ya kutoa 5,000 kila mwaka. Katika 2016, kwa mukutano wa CITES kule Johannesburg, kasuku aliandikwa katika orodha ya kwanza, ile yenye kukataza biashara ya inchi kwa inchi ya wale wanaokamatwa porini. Ulimbo haukuisha kwa siku ile.

Ninajua wamoja kati yenu karo yao ililipwa kwa feza ya kasuku. Siandiki hapa kuhukumu wazazi wa mutu. Lakini muone Ghana. Mwanzo wa miaka ya 1990 kulikuwa mahali patatu ambapo kasuku walikusanyika kulala, kila mahali kati ya 700 na 1,200. Wataalamu walirudi pale kisha miaka kama 20. Mahali pote patatu pamoja, waliona 18. Habari hiyo ilitolewa katika 2016, na iliwezekana kwa sababu watu wa kwanza walikuwa wamehesabu na kuandika.

Hapa kwetu tunasema tu: «Zamani walikuwa wengi.» Wangapi?

Kwa hiyo kazi ya mwezi huu, kalasi zote: muende wawili-wawili, saa kumi na moja ya mangaribi mpaka giza, wakati wanarudi kulala. Mumoja anahesabu, mwenzake anaandika: tarehe, mahali, wangapi, wanaelekea upande gani. Mufanye hivyo mangaribi tatu, mahali palepale, tena musiwapigie kelele. Karatasi tutaziweka katika kabati ya biolojia, na mwaka ujao wengine watasimama palepale. Kama haukuona hata mumoja, usiache karatasi wazi. Uandike 0.