KUIJUA NCHI KWA MIGUU NA KWA BAISKELI

Watu wengi wa Marani huijua barabara iendayo mjini Kisii, lakini ni wachache waijuao njia ya maji ya kijito chao wenyewe. Wahenga wamesema, "Kutembea kwingi, kuona mengi." Basi mwenye miguu mizima au baiskeli aweza kujifunza nchi yake bila gharama kubwa, na mafunzo hayo yana faida nyingi.

Marani iko kaskazini ya mji wa Kisii, katika nchi ya vilima na mabonde. Maji yote ya vijito vya Wakisii huingia mwishowe katika Ziwa Victoria. Mengi huchukuliwa na Mto Gucha, ambao Wajaluo huuita Kuja. Kutoka ziwani maji hupita Jinja, nchini Uganda, yakawa Mto Nile, yakaenda mpaka Misri. Hivyo kijito kidogo kipitacho nyuma ya migomba kina jamaa wengi mbali.

Jambo la kwanza ni kupima mwendo. Gurudumu la baiskeli kubwa ya inchi 28 likizunguka mara moja huenda kadiri ya mita 2 na robo. Mtu afunge kitambaa chekundu katika njiti moja ya gurudumu, kisha ahesabu mizunguko. Ikifika 450 amekwenda kilomita moja. Mwenda kwa miguu naye apime hatua zake katika mita 100, ajue moja ina urefu gani.

Jambo la pili ni usalama. Asubuhi, kabla ya kuondoka, zitazamwe breki zote mbili, mnyororo na upepo wa magurudumu. Pampu na viraka visisahauliwe. Katika mteremko mkali, hasa udongo mwekundu ukiwa umelowa, ni heri kushuka na kuikokota baiskeli, maana kwenda mbio si kufika. Mvua hunyesha mara nyingi alasiri, kwa hiyo safari ianze mapema. Mto uliofurika usivukwe kamwe, wala maji ya mto yasinywewe kabla ya kuchemshwa.

Afikapo mtoni, msafiri aiache baiskeli mahali salama, afuate ukingo kwa miguu mpaka penye chemchemi. Aangalie rangi ya maji baada ya mvua: yakiwa mekundu, hiyo ni rutuba ya shamba la mtu inayokwenda zake. Aangalie pia miti. Mikaratusi huleta fedha upesi kwa nguzo na kuni, lakini hunywa maji mengi. Ikipandwa karibu na chemchemi, huweza kuipunguzia maji. Kwa sababu hiyo, mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa Kenya, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kando ya mito.

Tena kanuni za maji za Kenya za mwaka 2006 zilikataza kulima au kujenga ukingoni, kwa upana usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, kwa kufuata kina cha juu cha mafuriko. Mita 6 ni kama hatua 8 za mtu mzima. Kila mkulima aweza kuzipima mwenyewe kabla hajaja mtu mwingine kumpimia.

Siku nyingine safari iwe ya mjini. Kijito cha Nyakomisaro hupita katika mji wa Kisii. Msafiri ayatazame maji yake kabla hayajaingia mjini, kisha ayatazame yanapotoka, alinganishe rangi, harufu na takataka. Hapo atafahamu bila kuambiwa kwamba uchafu utupwao na mtu wa juu hutekwa mtungini na mtu wa chini.

Yote aliyoyaona yaandikwe katika daftari, pamoja na tarehe. Mahali palepale patazamwe tena wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa ushahidi wa kuonyeshwa katika baraza, maana neno la mdomoni hubishaniwa, bali hesabu iliyopimwa vema haipuuzwi kwa urahisi. Chemchemi ikikauka, akina mama na watoto ndio watakaokwenda mbali kuteka. Afadhali ijulikane hali yake mapema, ingali na maji.